Picha ya Migongo

Jumapili moja karani wa bandarini Malindi, hapa Unguja, alinitibua roho, na wala hakukusudia.

Sisi ni kundi dogo la watu tunaopiga picha kwa kujifurahisha. Hatuuzi, hatushindani. Kila Jumapili asubuhi tunakutana kwenye mgahawa Mlandege, tunaagiza chai ya maziwa na mandazi, na simu na kamera zinazunguka meza nzima. Milango ya Mji Mkongwe tumeipiga mpaka nadhani yenyewe imetuchoka. Siku hiyo karani alileta picha aliyoipiga kwa mbali, pwani ya kusini, kwa lenzi yake mpya: mwanamke ameinama katika shamba la mwani, mgongo kwetu, kanga imelowa hadi kiunoni. Ameipa jina "Subira". Watu wakasema mashaallah. Mmoja akasifu mwanga, mwingine akashauri akate kidogo upande wa kushoto. Mimi chai ilinipoa mkononi.

Msomaji wangu, mgongo ule sikuujua ni wa nani, lakini ningeweza kuapa ni wa bibi yangu. Na bibi amefariki zamani.

Nimekulia Jambiani kwake, yeye mama wa baba yangu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa na kukimbilia mbali, tulikuwa tukinywa chai ya mchaichai na muhogo uliolala, kisha hao, tunateremka pwani. Bibi mbele na gunia la mbegu, shangazi yangu katikati, mimi mkiani. Nilikanyaga pale pale alipokanyaga bibi kwa kuogopa miiba ya baharini, kwa hiyo utoto wangu wote nimeutazama mgongo wake. Alifunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa vijiuzi tunavyoviita taitai, na kazi yangu ilikuwa kumpa taitai moja moja na kulalamika. Usubi ulitutafuna masikio. Nikilia, bibi anasema, "Hakuna bamvua lisilo usubi," anaendelea na nyimbo zake. Mwani tuliuanika mchangani mbele ya nyumba, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye mito, nahisi hata kwenye mkate wa kumimina.

Wageni wa hoteli walikuwa wakipita ufukweni na kamera zao. Hawabishi hodi, hawasemi lolote, wanainua tu. Bibi hakuwagombeza. Bila ya kuacha kazi alitamka neno moja, "Geukeni," na wanawake wote wa mashamba yale wakawapa migongo kwa pamoja. Sisi watoto tulicheka, lakini tuligeuka vilevile. "Uso umeumbwa na haya," alikuwa akisema. "Anayeutaka wangu aje anipe salamu kwanza."

Sasa nikupe kisa cha harusi ya shangazi. Mwalimu wetu wa skuli, mwanamke mchangamfu, ndiye pekee kijijini mwenye kamera, ile ya mkanda. Karibu mkanda wote aliumaliza kwa bibi harusi, ikabaki picha moja. Akawakusanya uani bibi na wenzake wa mwani, kanga mpya, asumini kichwani, uwa wote unanukia udi na pilau. Shangazi akakaa kati. Mwalimu akainua kamera, na kabla hajasema tayari, wote isipokuwa bibi harusi wakageuka. Mazoea! Kamera ikalia. Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, machozi yanamtoka, na mwalimu naye anajishika mbavu.

"Tutapiga nyengine, siku nyengine," alisema bibi.

Siku hiyo nyingine haikuja. Kitambulisho chake alikifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nacho baharini miaka na miaka, chumvi ikaula uso wote. Nilichobaki nacho ni picha ya harusi: shangazi ametoa macho kwa mshangao, na kulia na kushoto kwake ni migongo, wa bibi ukiwa wa kwanza. Uso wake unanitoka, nasema kweli. Kipini cha puani nakikumbuka, alama ya kidevuni naikumbuka, lakini nikivikusanya pamoja havifanyi mtu. Jambo hili linaniuma kuliko nilivyopata kumwambia yeyote.

Basi nilipotoka mgahawani niliazimia kuutafuta uso huo. Jambiani nzima husema shangazi amezeeka kwa sura ya mama yake, na yeye angali akienda mwanini, na kamera akiiona anageuka kama alivyofunzwa. Bamvua lilipoingia niliomba ruhusa kazini, nikaifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni, nikamfuata huko huko majini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kupiga picha au umekuja kazini?"

"Vyote viwili."

"Haya, anza na kazi."

Tulifunga kamba bega kwa bega. Zamani pwani ile ilijaa sauti za wanawake kutoka shamba hadi shamba, siku hiyo tulikuwa wachache wa kuhesabika. Maji yamekuwa ya moto, alinieleza, mwani unakufa kabla haujakua, na wenzake wengi wamekata tamaa. Mchanga tuliokuwa tukianikia umepangwa vitanda vya wageni. Harufu iliyonikera utotoni niliitafuta, nikapata ya mafuta ya kujipaka jua.

Maji yalipoanza kujaa nikatoa kamera. Shangazi akanipa mgongo.

"Mgongo nnao, shangazi. Nshautundika ukutani. Mimi nnataka uso."

"Uso umeumbwa na haya, wee mtoto."

"Bibi kasema mtu atoe salamu kwanza. Salamu nshatoa, na kamba nshafunga. Siondoki."

"Utasimama hapo mpaka maji yakukute?"

"Yanikute."

Yakanikuta magotini, yakanikuta kiunoni. Kamera nimeinyanyua, na yeye kasimama kanipa mgongo, mabega yanamcheza. Kumbe anacheka. "Mkaidi kama bibi yako!" akasema, akageuka.

Nilipomwonesha, alifuta mkono kwenye kanga, akakikinga kioo na jua, akatazama. Nilidhani atasema amezeeka.

"Mama," akasema. "Mama huyu."

Nikairudisha kamera kwenye nailoni, tukapanda pwani.

Ruhusa ya kuwaonesha wenzangu alinipa. Jumapili nikaiweka mezani. Karani aliniambia mstari wa bahari umepinda, na ni kweli, mawimbi yalikuwa yakinisukuma. Akaniuliza jina la picha. Nikamwambia picha haina jina, mwenyewe ndiye aliye nalo, nikamtajia, na la mama yake pia. Akaitazama yake, akasema yule wake hamjui.

"Bamvua litarudi," nikamwambia. "Nenda kampe salamu."

Shamba la bibi halipo tena, vigingi vyake vimeoza, na wengi wa wale waliogeuka siku ya harusi wako chini ya udongo. Picha hizo mbili nimezitundika pamoja sebuleni, ile ya migongo na hii ya shangazi pembeni yake. Ukiingia ghafla utadhani katika wanawake wale mmoja amesalimiwa, akageuka kuitikia.