Mwanga Usiomshtua Mtoto

Miaka ile ya tisini nilikuwa na chumba kimoja cha kupigia picha Mafubira, juu kidogo ya mji wa Jinja. Mume wangu alikuwa askari magereza, na mimi mwenyewe nilizaliwa kambini, mtoto wa polisi. Ndiyo maana Kiswahili hakikunitia hofu kama kilivyowatia majirani, ambao wakikisikia walikumbuka buti na milango iliyogongwa kwa kitako cha bunduki. Wateja wangu wengi walikuwa wake za askari. Walikuja na watoto wachanga waliopakwa mafuta wakang'aa, wamevishwa kofia za sufi hata jua likiwa kali.

Nilikuwa na kamera nzuri na flashi ndogo iliyokaa juu yake. Taa nyingine sikuwa nayo. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, nami nilikuwa nimelibandika magazeti ili wapita njia wasichungulie.

Siku moja alikuja mama kijana kutoka kaskazini, mke wa mwanajeshi. Mumewe alikuwa amepelekwa mbali kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo alikuwa hajawahi kumwona. Mtoto alikuwa wa kike, wa wiki sita, mdogo kiasi kwamba shali ilionekana kama haina kitu ndani. Nilimlaza juu ya mto, nikainama, nikapiga. Mwanga ulipopasuka, mwili wake wote ulishtuka, mikono ikaruka juu kama ya mtu anayeanguka, kisha kikaja kilio ambacho mwanzoni hakikuwa na sauti. Nikapiga nyingine tatu. Siku hizo niliamini kazi yangu ni kupiga tu.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, mama yule alizitazama moja moja. Uso wa mtoto ulikuwa mweupe kama unga, macho yamefinywa, na ukutani nyuma yake palikuwa na kivuli cheusi kikubwa kuliko yeye.

"Hii si mtoto yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, bila hasira. "Baba yake akiona hii, atafikiri mtoto iko mgonjwa."

Alizirudisha kwenye bahasha, akaiacha mezani, akaenda. Wiki nzima niliiona ile mikono midogo ikiruka, hata nikiwa naosha vyombo, hata nikifumba macho kupumzika mchana.

Ndipo nikasikia kwamba Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kuna mzee anayeuza vifaa vyake vya studio kwa sababu macho yamechoka. Nilipanda taksi ya asubuhi kupitia Tororo. Busiu tulisimama, nikanunua ndizi za kuwapelekea wenyeji wangu. Mbele yetu mlima ulikuwa umefunikwa na ukungu, na kwa muda mrefu sikuweza kujua ni wapi mlima unakwisha na mbingu inaanzia.

Mzee alikuwa Mwislamu mrefu mwenye kofia ya kufuma. Alinipokea ndizi kwa mikono miwili.

"Karibu, binti yangu. Unataka taa ya kumpiga nani?"

"Watoto wachanga, mzee."

"Wachanga hawasimami mbele ya taa. Wanalala chali, wanatazama juu. Basi na wewe lala pale kwenye mkeka, utazame juu."

Nilidhani ananitania. Mkewe, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, alicheka.

"Lala tu, mwanangu. Huyu hamuuzii taa mtu aliyesimama."

Nikavua viatu, nikalala, nikavuta gauni langu la kitenge lifunike miguu. Kwanza mzee aliwasha balbu mbili kubwa ndani ya sahani za bati. Mara moja nilihisi paji la uso linakauka, nikageukia ukutani.

"Umegeuka," alisema. "Yeye hana shingo ya kugeuka."

Akazizima. Akaleta flashi kubwa yenye miguu yake, akanielekezea, akafyatua. Doa la kijani liliogelea machoni mwangu likakataa kuondoka, na nikagundua kwamba nimekunja ngumi. Akaigeuza ile ile flashi initazame kwa mgongo, akafungua mbele yake mwavuli mweupe, akafyatua tena. Safari hii mwanga uligonga mwavuli kwanza, ukanifikia umepoa, kama jua linapotoka nyuma ya wingu na kurudi. Nilipepesa mara moja tu.

Mwisho alizima kila kitu, akafungua dirisha lililotundikwa shuka jeupe la pamba ya marekani. Mchana wa Mbale ukapenya kwenye kile kitambaa polepole, bila ncha, ukakaa juu ya mikono yangu na shavu langu. Nilisikia mchele ukitua kwenye ungo. Nikafikiri nitahesabu kila pumzi ya lile shuka likivuta na kutoa hewa, na kabla sijafika popote nilikuwa nimebebwa na mtu nisiyemwona uso, tunavuka mahali peupe, naye hana haraka.

Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa leso. Mwanga ulikuwa umehama kutoka mkekani hadi ukutani. Mzee alikuwa amekwisha kuswali, ameketi kizingitini akifuta mwavuli wake.

"Nisamehe, mzee, nimelala."

"Nikusamehe nini? Sema, unachukua ipi?"

"Flashi na mwavuli wake. Na lile shuka, kama mtaniuzia."

"Na balbu?"

"Balbu waachie wanaolea vifaranga."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Shuka, alisema, ni mali ya mkewe. Mama yule alilikunja mara nne akaniwekea mapajani bila kutaja bei.

Nyumbani nilibandua magazeti, nikatundika shuka. Kisha nikamtumia salamu mke wa mwanajeshi. Alikuja shingo upande. Nilimlaza mtoto karibu na dirisha, nikaweka mwavuli upande wenye kivuli, nikakaa chini nikangoja. Mtoto alitazama ule weupe muda mrefu. Mdomo wake ukafunguka, nyusi zikapanda, kama aliyesikia akiitwa na mtu anayempenda. Nikafyatua. Alipepesa, akaendelea kutazama.

Picha ilipokuja, mama aliitazama, akaitia kwenye bahasha, akaelekea mlangoni. Hapo akageuka.

"Hii ndiyo yeye."

Karibu mwaka ulipita. Alasiri moja mwanajeshi aliingia studio akiwa na sare, nikasimama haraka. Alitoa kwenye mfuko wa kifuani kitu kilichofungwa kwa nailoni. Ilikuwa ile picha, pembe zimeliwa, katikati ina mkunjo.

"Wewe ndiye ulipiga?"

"Ndiyo, afande."

"Nataka nyingine, mimi na yeye."

Mkewe aliingia na mtoto, ambaye sasa alikuwa anasimama kwa kushikilia vitu. Alipowekwa mikononi mwa baba yake alimtazama usoni, akapiga yowe, akanyoosha mikono kwa mama. Nilikuwa nimekwisha kushika kamera. Mwanajeshi akamrudisha kwa mama yake, akaitikisia kichwa kamera yangu.

"Usipige, mama. Ngoja anijue kwanza. Niko na likizo ya wiki mbili."

Walirudi siku mbili kabla ya likizo kwisha. Alikuwa amevaa shati la kiraia. Mtoto alikaa gotini pake akivuta kifungo cha shati, akiking'ang'ania kwa meno yake mawili, na baba alikaa wima bila kupumua vizuri, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Nilipiga mbili kwa mwanga wa dirisha tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Tunaweza kukaa kidogo?"

Nje kulikuwa na mama mwingine akisubiri na mapacha. Nilitoka, nikamwomba avumilie, nikampokea mmoja, tukakaa pamoja kwenye ngazi.