Mikono ya Muuguzi

Muuguzi wa wodi ya akili, pale Bukoba mjini, anapomwambia mgonjwa afungue mdomo ili aone kama vidonge vimemezwa kweli, hufungua na wa kwake, kama mama anayemlisha mtoto. Rutaihwa amelizoea hilo kwa wiki tatu. Ameizoea na sauti yake ya chini, isiyochoka kurudia: “Pombe na zile sauti unazosikia tunavitibu pamoja. Tukiacha kimoja, kitamrudisha mwenzake.”

Jumapili mama yake alifika kutoka Rubafu na kidumu cha rubisi, pombe ya ndizi za shambani kwao, kushukuru kwamba mwanawe sasa analala usingizi. Kwao, aliyeletewa rubisi huionja mbele ya aliyeileta. Muuguzi alikipokea kwa mikono miwili, na Rutaihwa akaiona mikono ile, inayochoma sindano bila kutikisika, ikitetemeka mpaka rubisi ikacheza ndani.

“Onja basi, baba,” mama akasihi.

Akakirudisha taratibu. “Nisamehe, mama. Mwaka wa tisa huu sijaonja. Kitanda anacholalia mwanao, nilikilalia mimi.”

Vidonge vya jioni vilipoletwa, Rutaihwa alimeza, akafungua mdomo kabla hajaambiwa.