Mtungi Ukingoni mwa Mto

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, kuliko asubuhi zote nilizowahi kuondoka, na nimeondoka nyingi. Nilitoka kwetu Saboti na mtungi wa maji mkononi, bila mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Baba yangu mzazi alikuwa amefariki, nami nikaacha shule kwa ukaidi tu. Mama akaolewa na Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, asiyesema sana. Ukimya wake ulinitia hofu. Nilimpita sebuleni kama anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Akufukuzaye hakwambii toka, nilijiambia, nikawa nangoja siku yangu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya jikoni, nikamsikia akimwambia mama, "Mahari ya huyu msichana nimepata. Wiki ijayo aende."

"Usimwambie sasa," mama akajibu. "Unajua atakataa."

Mahari! Naozwa, na mama anajua. Nilishuka mtoni, nikauweka mtungi kwenye mawe, nikaendelea kutembea. Kila gari lililotokea nyuma nilidhani limetumwa kunirudisha, nikawa najitupa kwenye mahindi. Kitale nikaomba lifti kwenye lori la kabichi, wala sikuuliza linaenda wapi. Mimi, mwanangu, niliyekuwa nauliza hata kwa nini kuku hanywi chai!

Lori likanishusha Bungoma, kwa watu wa Mzee Wafula. Kila mwanamume aliyeongea kama yeye nilimwona bwana harusi. Mmoja mwenye baiskeli alinizunguka mara tatu. "Sasa, mrembo? Ati umepotea? Si upande nikupeleke."

Nilikimbilia kwa mama mzee aliyeuza mahindi ya kuchemsha kwenye barabara ya Kibabii, nikajikunyata nyuma ya sufuria yake.

"Wewe wa baiskeri, enda ukachunge kuku za mama yako!" alimfokea. Kisha akanipa hindi moja. "Kura, mayi." Kwao msichana hubembelezwa hivyo, kwa kuitwa mama. "Usirie. Jua inaenda, lakini kwangu mahari iko."

Nilisimama, hindi likaanguka. "Mimi siolewi! Hata mniue, siolewi!"

Alinikodolea macho, kisha akacheka hadi akashika mbavu. "Nani anakuoa wewe, na hiyo matope yote? Nimesema mahari. Mahari ya kurara! Kwani wewe haurarangi?"

Mahali. Mahali pa kulala. Mzee Wafula naye husema "rori" akimaanisha lori, na nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo kila alipofungua mdomo. Matamshi yake niliyajua vizuri. Hofu ndiyo iliyonitia pamba masikioni.

Jioni ile mama mzee alinitandikia mkeka na blanketi karibu na jiko lake. Nilipojilaza tu, nikaukumbuka mtungi. Mtungi peke yake, ukingoni mwa mto, na msichana hayupo. Niliketi, nikangoja kupambazuke.

Kesho yake aliandamana nami hadi kwetu. Tulikuta majirani mtoni wakiwa na fito ndefu, wakipapasa chini ya maji. Mzee Wafula alikuwa ameingia majini hadi kifuani. Aliponiona alitoka majini. Aliketi kwenye mawe, kando ya mtungi, akalia. Baadaye mama akaniambia: alikuwa amenipatia mahali kwa fundi wa cherehani, Tongaren. Sikukaa sana kwa fundi yule, maana miguu ilishaonja barabara. Lakini tangu siku hiyo siondoki bila kuaga.

Basi nisikilize, wewe uliyekumbatia begi tayari kutoroka. Neno ulilolisikia nyuma ya ukuta, lirudishe kwa aliyelisema, umwulize usoni. Kuuliza si ujinga. Na kama kweli nyumba ina hatari, kwa maana zipo za hivyo, nenda kwa mtu unayemjua kwa jina, wala usipande baiskeli ya kila anayekuita mrembo. Usiwaachie wenzako mtungi tu wausome.

Mungu akufungue masikio, mwanangu. Akupe mahali pa kulala popote jua litakapokuchwea, na mlango ambao hutaogopa kuurudia.