Nafasi Tupu ya Baba

Shimo la kampuni ya madini lilikuwa limefika nyuma ya choo chetu. Mtaa mzima wa Kolwezi ulikuwa unafukuzwa, na aliyeandika wanaofukuzwa ni mimi, karani wa kampuni na binti wa mtaa uleule. Kwenye robine ya maji majirani walinitukana, na haki walikuwa nayo.

Baba alikuwa amekufa mvua zilipoanza. Kwetu, ndugu za marehemu wasipokuja kumaliza kilio, mjane hakai kwenye kiti cha mumewe wala hajiiti mkubwa wa nyumba. Hao ndugu walikuwa mbali, Kisenge, wakitafuta gari. Nilipoandika nyumba yetu nikafika mahali pa jina la mkubwa wa nyumba, mama alinizuia.

“Acha nafasi ya tata vile. Nikijiandika pale na kilio haiishe, bandugu yake batasema ni mi nilimuua.”

Nikaiacha tupu. Kila nyumba tuliihifadhi kwenye kompyuta kwa mtindo wa XML: alama ya kufungua, alama ya kufunga, habari katikati. Pasipo na habari unachagua: uhifadhi alama zote mbili, au uzibane ziwe moja fupi. Kwingine ni mamoja. Kwetu, aka! Mashine kuukuu ya makao makuu ilisoma alama mbili tupu kama nyumba inayongoja mtu. Ile fupi iliiruka, ikasema nyumba imeachwa, na nyumba iliyoachwa haipewi kiwanja kingine cha kuhamia. Niliyaona hayo kwenye majaribio, nikaiondoa ile fupi iliyokuwapo, nikachagua alama mbili, nikamweleza chefu wangu pale biro, ofisini.

Alicheka. “Kwani unazani nani alichagua ile fupi?”

Akainama juu ya bega langu, akairudisha ile fupi kwa kidole chake, akahifadhi, akafunga chaguo kwa neno la siri. Nikamwambia ile ni nyumba ya mama yangu.

“Basi umuambie aolewe mbio.”

Mshenzi yule!

Jioni nilimpigia mama magoti aniruhusu niandike jina lake. Akakataa. Nikamwambia nyumba ni ya wazima, si ya wafu. Alinizaba kofi, kisha akalia yeye.

Tingatinga lilipokuja, mtu wa kampuni alimkuta mama anasonga bukari, ugali wetu.

“Hii nyumba haina mutu,” akasema.

“Na mi niko nini?”

Alimwachia nafasi ya kutoa sufuria na kiti cha baba, basi.

Ndugu za baba walifika nyumba ikiwa matofali. Kilio wakakimaliza palepale juu ya kifusi: wakamvua mama nguo nyeusi, wakamwambia sasa yuko huru. Nikamshika mkono mpaka biro. Safari hii chefu alifungua faili bila ubishi, akanisogezea kiti. Nikaandika jina la mama katika nafasi ya baba, nikifurahi.

“Ni muzuri vile,” chefu akamwambia mama. “Sasa utuonyeshe nyumba yenyewe.”