Siku Redio Alipozimwa

Mtaalamu wa usingizi wa hospitali yetu tulimwita Redio, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na kitambi, majivuno ya kutosha familia nzima, na mdomo usiojua likizo. Mkewe alituambia kwamba hata usingizini anabishana na watu. Mimi ninayempa daktari visu na mikasi nimesimuliwa jinsi alivyotengeneza choo chake mwenyewe hadi masikio yamechoka.

Lakini kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, domo lile lilikuwa na kazi. Mama akishachomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, presha inaweza kuporomoka ghafla, na ikiporomoka mtoto tumboni anakosa hewa. Redio alijipanga mapema: dripu inakwenda kasi, mto uko chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu, na dawa ya kupandisha presha imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Kisha porojo zinaanza. "Shemeji, mtoto akifanana na baba yake tumrudishe?" Mama akicheka, mambo shwari. Akipiga miayo, akisema moyo unamchafuka, au akikawia kujibu, Redio anasukuma dawa wakati mashine ya kupima presha bado inajaza upepo mkononi mwa mama.

Daktari wetu bingwa alizichukia porojo hizo. Alikuwa ametoka semina, na semina humpanda kichwani haraka. Tuliposikia wakaguzi wanakuja, akabandika ukutani karatasi yenye neno moja: KIMYA. Akazima hata sauti ya mashine ya presha, maana mlio wake, alisema, unaleta picha mbaya. Nilitaka kumuuliza mashine imewekewa mlio wa nini, ila nilikuwa nimeomba likizo kwake wiki ile, nikaufyata.

"Na wewe," akamgeukia Redio, "leo sitaki kusikia neno. Hapa si kijiweni."

"Sawa, Dokta. Mmetaka kimya, mtakipata."

Akasusa. Mtu mzima mwenye wajukuu akasusa kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Mama wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyehangaika kutafuta mtoto hadi mawifi wakachoka kumsema. Sasa mtoto amepatikana, ila ametanguliza makalio. Redio alimfanyia kila kitu kwa usahihi, sindano nyembamba, dripu, mto, vyote. Kisha akakunja mikono na uso, akawakazia macho wakaguzi waliojipanga ukutani wakiwa na barakoa na kofia za plastiki. Mwalimu alisoma karatasi ya ukutani, akamwangalia Redio, akafumba mdomo.

Pazia la kijani lilituficha uso wake mimi na daktari. Daktari akapaka dawa tumboni, akafunika vitambaa. Chumba kilitulia hadi nikasikia dripu ikidondoka.

"Nidhamu ya hali ya juu," mkaguzi mmoja alinong'ona, na daktari akavimba kichwa. Akaninyooshea mkono nimpe kisu.

Hapo ndipo Redio alipoinama kumtazama mwalimu, nadhani akitafuta mtu atakayemwonea huruma. Midomo ya mwalimu ilikuwa imepauka, jasho linamtiririka, macho yanaelea. Kwenye skrini tarakimu nyekundu zilikuwa zikiwakawaka bila sauti, kwa nidhamu ya hali ya juu.

"Dokta, usikate!"

Akasukuma dawa, akafungua dripu yote, akamvisha mwalimu barakoa ya oksijeni, akainamisha kitanda zaidi upande wa kushoto. "Shemeji! Nijibu, shemeji! Mtoto anaitwa nani?"

Kimya.

"Shemeji, jina la mtoto!"

"Bado," sauti ikatoka chini ya barakoa, ndogo sana. "Hatujaelewana na mawifi."

Tarakimu zikapanda. Daktari akapasua, na muda si muda binti akatolewa analia kwa hasira, asijali ukaguzi wa mtu. Wakaguzi walituandikia alama nzuri za utulivu, wakaondoka wameridhika.

Jioni Redio aliniomba nimsindikize wodini. Mwalimu alikuwa ameketi kwa kuegemea mito, binti kifuani. Redio alisimama miguuni pa kitanda, akakohoa.

"Shemeji, ulikuwa unajisikia vibaya. Mbona hukuniambia?"

"Niliona mmeandika kimya, kaka." Mwalimu alitabasamu kwa aibu. "Halafu ulikuwa umekunja uso. Nikadhani nimekuudhi, nikasema nivumilie tu, nisije nikawaharibia kwa wageni wenu."

Redio alivua kofia yake ya kazi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wauguzi wa wodi hawamruhusu mtu yeyote.

"Hukuniudhi," alisema, na machozi yakamtoka mbele yetu sote. "Hukuniudhi hata kidogo, mwanangu."