Kitabu cha Kumeza

Nilipofeli mtihani wa leseni ya udaktari mara ya kwanza, kila mtu aligeuka mshauri wa vitabu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimemaliza na mwaka wa mazoezi hospitalini, nimeshazoea kuitwa daktari. Lakini bila leseni huruhusiwi kumwandikia mtu hata dawa ya minyoo peke yako. Siku ya kurudia mtihani ikawa inakaribia, nami nikauliza kwenye kundi letu la wasapu: jamani, nisome kitabu gani?

Loh! Ni kama niliwauliza timu gani ni bora. Mmoja akasema usipoteze muda, chukua kile kinene cha kutoka ng'ambo. Mwingine akamjibu kuwa kile kinene kitanifundisha maradhi ya watu wanaoishi kwenye theluji, wakati mtihani utaniuliza kichocho. Wakaanza kutukanana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikaizima simu.

Mwishowe nikabaki na viwili. Kinene niliazima kwa rafiki. Cha pili kilikuwa maswali na majibu yaliyokusanywa na madaktari wa hapahapa nchini. Nilikuwa nacho kwenye simu, nikaenda kukichapisha stesheneri ya jirani na stendi ya Kibiti. Mashine yao ilikuwa ya wino wa majimaji, picha za vipele zikatoka nyekundu hasa. Wakakibana kwa waya, nami nikasema moyoni, hiki ndicho.

Nyumbani Kibiti nilishindwa kusoma. Mabasi ya kusini yanapiga honi tangu alfajiri, na kila jirani ana mguu wa kumwonyesha daktari. Nikaamua kwenda Mbwera, kijiji cha huko delta ya Rufiji, kwa bibi yangu mzaa mama. Boti ya kutoka Nyamisati inarusha maji, kwa hiyo vitabu nilivifunga kwenye nailoni nikavipakata njia nzima kama kichanga. Nilikuwa naogopa maji ya chumvi.

Bibi alinipokea kwa utani wetu wa siku zote.

"Karibu mume wangu. Mbona mzigo wote makaratasi?"

"Vitabu vya mtihani, mke wangu. Hiki kinene nitakipitia tu. Hiki chembamba ndicho cha kumeza. Lazima nikimeze chote, la sivyo nimekwisha."

"Chote?"

"Chote, Bibi. Usibaki hata ukurasa."

Akatikisa kichwa, akaingia jikoni. Mwanafunzi yeyote wa siku hizi angenielewa, maana kwetu kumeza ni kukariri. Lakini Bibi hakwenda shule, alisoma chuo cha Kurani tu, na kwake maandishi yanayoingia tumboni ni kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa.

Kesho yake nilitoka kwenda kuwaamkia wakubwa wa ukoo. Niliporudi, uani palikuwa na beseni. Ndani yake maji ya buluu yenye wekundu yalikuwa yananukia marashi, na humo kitabu changu kimelala, waya umefunguliwa, kurasa zimepauka. Nikaokota ukurasa mmoja, ule wa kifafa cha mimba, nikautambua kwa kivuli cha mchoro wake. Ukanichanikia mkononi.

"Bibi! Umefanya nini, Bibi?"

Alitoka anafuta mikono kwenye kanga, uso umemkunjuka.

"Chako tayari. Karatasi zenyewe zingekukwama kooni, ndio nikakutolea wino. Kile kinene nacho nimekijaribu ukingoni. Wino wake mgumu, hautoki."

"Kumeza ni kukariri, Bibi! Kukariri!" Nilimfokea hasa, kuku wakakimbia.

Akanitazama. "Sasa mbona hukusema kukariri? Kukariri nakujua. Mie nimesikia kumeza." Akalitazama beseni, kisha akasema polepole, "Basi mie nimeshakunywa kikombe kizima."

Hapo nilishtuka upya, na kitabu kikanitoka akilini. Nikamshika mkono nikitafuta mapigo ya moyo, huku namuuliza habari za tumbo, kichefuchefu, kizunguzungu.

"Wino wa mashine huo, Bibi! Kwa nini ukaunywa wewe?"

"Mara ya kwanza tulikuacha ukaenda peke yako, ukaanguka," alisema. "Nikaona safari hii tuingie wote."

Nikakaa chini kando ya beseni. Kicheko kilinitoka pamoja na machozi, na sikujua kipi ni cha kitabu na kipi ni chake. Tumbo halikumsumbua, alhamdulillahi, ila mimi nilimchungulia kila saa mpaka akanifukuza. Siku zilizobaki nilisoma kile kinene chenye ukingo uliolowa, pamoja na theluji yake yote. Nilikisoma kwa sauti barazani, naye akinisikiliza huku anasuka ukili wa mkeka.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimerudi Kibiti. Nikampigia simu, mtandao ukakatika, nikapiga tena. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

"Enhe," aliuliza, "tumefaulu?"

"Tumefaulu, Bibi," nikamwambia. "Wote wawili."