Mfereji Mbele ya Mlango wa Zuena

Kiangazi cha mwaka 1999, malori ya jeshi yalikuwa yakipita katikati ya Kamina yakiwa yamejaza mizigo hadi juu, na kila mara lori moja lilinasa waya wa umeme na kuuvuta chini. Waya mmoja uliangukia soko la gare, kwenye kituo cha treni, ukawaka juu ya meza ya chumvi. Ndipo baraza la mji likaitisha mkutano. Nyaya za katikati ya mji zizikwe ardhini, hilo halikuwa na ubishi. Lakini nani atalipa?

Zuena alikwenda, akakaa nyuma na wanawake wa soko, kitenge amejifunika mpaka kwenye paji la uso. Hakwenda kwa ajili ya umeme. Alikwenda kusikia kama kuna mtu atataja nyumba yake. Mume wake, Ismaeli, alikuwa mtu wa Kasongo, na Kasongo sasa ilikuwa mikononi mwa waasi. Watu wenye asili ya kule walikuwa wakikamatwa na askari wa serikali kwenye gare na kupakiwa kwenye malori, na hakuna aliyerudi kusimulia. Kwa hiyo tangu mvua za mwisho Ismaeli hakutoka chumba cha nyuma. Majirani waliambiwa ameenda Kinkondja kununua samaki.

Mshauri mmoja wa baraza, Kisimba, alitaka ushuru wa soko uongezwe. Wanawake wakapiga kelele.

"Papa Kisimba, utatukamua nini tena? Tumebakia mifupa!"

"Basi tuongeze kwa ushuru wa samaki."

"Samaki gani? Askari wanaikula yote mu njia!"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka askari wawili waliosimama mlangoni, na kicheko kikakatika.

Lumbala, mkubwa wa baraza, akainua mkono. "Franka haiko. Waya nzito iko, inalala kwa yadi ya gare tangu zamani. Kinachokosa ni mufereji. Tutafanya salongo, kazi ya wote, kama zamani. Kila parcelle, kila kiwanja chenye nyumba, itatoa mwanaume mumoja. Mwenye kusafiri, aitwe. Asipokuja, askari njo watamutafuta."

Wakaanza kutaja nyumba, moja baada ya nyingine, kufuata barabara. Zuena alisikia zamu yake ikija kama mtu anayesikia hatua nje ya mlango. Wakataja mwalimu. Wakataja fundi cherehani.

"Kwa mama Riziki?"

Zuena, mama yake Riziki, akasimama. Hakuwa amepanga neno lolote. "Bwana yangu alikufa," akasema. "Mtumbwi ulipinduka kule ziwa Kisale. Habari ilinifikia jana."

Katika woga wake alikuwa amewaza kuipita zamu ile tu. Alisahau anaishi wapi. Kabla hajafika nyumbani, wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka uani na kuleta kuni. Jioni wakaja wanaume wa msikitini, wakajipanga safu, wakamsalia maiti ambaye mwili wake hauko. Nyuma ya ukuta wa matofali, Ismaeli alisimama akasikia anaombewa msamaha wa dhambi zake. Binti yao Riziki alikuwa ameambiwa alie. Hakuhitaji kufundishwa, alilia kwa hofu.

Kitu kimoja tu kiliwaokoa: eda. Mjane Mwislamu hukaa ndani, na mwanaume asiye wa jamaa yake havuki mlango. Zuena akakaa eda katika chumba kilekile, na mume wake nyuma ya pazia, akimwomba Mungu radhi kila alipotazamana naye.

"Umeniua bila hata kuniuliza," Ismaeli alimnong'oneza.

"Nyamaza. Maiti hasemi."

Kisha mfereji ukafika. Ulipita mbele ya mlango wao hasa, karibu na ukuta, na askari walisimama juu yake ili wachimbaji wasitoroke. Vumbi jekundu liliingia kupitia chini ya bati, likatua kwenye mkeka, kwenye maji, kooni.

Asubuhi moja Albertine aliingia na bakuli la uji. Alikuwa mke wa sajini aliyelinda mfereji, mtu wa jimbo la Équateur, na sokoni meza yake ya mikate ilikuwa ubavuni mwa meza ya Zuena. Alikuwa ndiyo kwanza ameinama kuweka bakuli chini, mtu akakohoa nyuma ya pazia. Kikohozi kizito, cha mwanaume.

Albertine akabaki ameinama. Zuena alitazama uji kwa sababu hakuweza kutazama kitu kingine. Nje, sururu zilinyamaza.

"Albertine!" sajini aliita. "Nani anakohoa mule?"

"Ni miye!" Albertine akapaza sauti, akakohoa kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. "Vumbi yenu itatuua sisi wote! Chimbeni, muache kusikiliza kilio ya batu!"

Wachimbaji wakacheka. Sururu zikaanza tena.

Albertine alijipangusa uso. "Mama Riziki," akasema kwa sauti ya chini, "ambia marehemu afunge kitambaa kwa kinywa." Akatoka.

Zuena alipaswa kushukuru. Lakini mpaka saa ile siri ilikuwa ya watu watatu wa nyumba moja, na sasa ilikuwa na mke wa askari, mwanamke anayependa kuongea, anayelala kitanda kimoja na yule mwenye bunduki. Siku watakayogombana, je? Siku atakapokunywa kidogo? Akaenda kwenye ufa wa dirisha. Albertine alikuwa amesimama kando ya mfereji, akimwambia mume wake jambo sikioni. Sajini akatabasamu, akageuka, akatazama nyumba.

"Vaa viatu," Zuena alimwambia Ismaeli.

"Kwani amesema nini?"

"Sijui. Vaa tu, usije ukakimbia miguu mitupu."

Akavaa. Wakakaa chini nyuma ya pazia, wakisikiliza. Kila sururu ziliponyamaza, Zuena alimshika mkono, na zilipoanza tena hakuuachia. Hakuna aliyekuja siku ile, wala kesho yake. Mfereji ukafukiwa, nguzo za zamani zikang'olewa, na malori yakapita bila kunasa chochote. Sokoni watu walisema baraza lilifanya vizuri. Ismaeli alikuwa bado marehemu, na Zuena hakumruhusu kuvua viatu.